Vijana wa Sewanee na Safari ya Siku Sita, Mwaka 1899

Vitabu vya Jubilii vimezoea kueleza habari za makanisa yaliyojengwa, za mapadri waliokuja na waliolala, na hesabu ya waliobatizwa. Habari hizo zina mahali pake katika kurasa nyingine. Hapa twataka kuwapa wasomaji wetu, na hasa walimu, habari ya namna nyingine: habari ya chuo kimoja cha Kanisa huko Marekani, na vijana wake waliocheza mpira mwaka 1899 wasishindwe hata mara moja. Walimu wengi huuliza kama mchezo ni sehemu ya kazi ya shule ya Kanisa, ama ni kupoteza saa za masomo tu. Hatutalijibu swali hilo. Tutaeleza yaliyotokea, ya kufurahisha na ya kuhuzunisha, maana yote mawili yamo.

Chuo chenyewe chaitwa University of the South, lakini watu wamezoea kukiita Sewanee, kwa jina la mahali kilipo, juu ya uwanda wa milima katika jimbo la Tennessee. Mwaka 1857 maaskofu wa dayosisi kumi za Kanisa la Kiaskofu katika majimbo ya kusini walikata shauri kujenga chuo kikuu chao wenyewe. Wakapata ardhi ya eka karibu 10,000 yenye misitu na chemchemi, na Oktoba mwaka 1860 wakaweka jiwe la msingi mbele ya watu wengi sana. Mara vita vikaja. Majimbo ya kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa, na Leonidas Polk, askofu wa Louisiana, ambaye ndiye aliyekuwa na bidii kuliko wote katika shauri la chuo, aliacha fimbo ya kichungaji akashika upanga, akawa jemadari. Mwaka 1864 akauawa kwa risasi ya mzinga. Mwaka uliotangulia askari wa kaskazini walikuwa wamekwisha kulivunja jiwe lile la msingi kwa baruti.

Lazima tuseme wazi jambo ambalo wasomaji wetu wa pwani watalifahamu upesi. Polk alikuwa na watumwa wengi sana, na fedha nyingi zilizoahidiwa kwa ajili ya chuo zilikuwa fedha za mashamba ya watumwa. Kwetu Unguja, Kanisa Kuu la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lenyewe likiwa limekwisha kufungwa. Kule Sewanee mambo yalianza kwa upande wa pili. Asiyeikumbuka tofauti hiyo hawezi kuisoma vizuri habari inayofuata.

Baada ya vita Askofu Charles Todd Quintard, aliyekuwa pia daktari, alipanda mlimani akaanza tena bila kitu. Mwaka 1867 alikwenda Uingereza kwenye mkutano wa kwanza wa maaskofu pale Lambeth, akazunguka akihubiri na kuomba michango. Septemba mwaka 1868 chuo kikafunguliwa, na wanafunzi wake walikuwa tisa tu. Kwa hiyo hicho kilichokuja kuwashinda wote mwaka 1899 kilikuwa chuo kidogo, na umri wake ulikuwa miaka 31.

Sasa kuhusu mchezo wenyewe. Msomaji asiwaze mpira wetu wa miguu. Huu ni mpira wa Kimarekani, ambao hubebwa mikononi, na umbo lake ni kama papai dogo. Watu 11 husimama kukabili 11. Siku zile waliokuwa na mpira walipewa nafasi tatu za kusogea mbele yadi tano. Wasipoweza, mpira huenda kwa wenzao. Kuurusha mbele kwa mkono kulikatazwa, basi njia iliyobaki ilikuwa kupenya kwa nguvu katikati ya miili ya watu, wenzake mwenye mpira wakimsukuma nyuma na adui wakimkamata mbele. Aliyeufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho alipata alama 5, na baada yake teke moja lililoweza kuongeza alama 1. Teke lililopita juu ya mti wa goli katika mchezo lilikuwa na alama 5 pia. Mchezo ulikuwa na vipande viwili vya dakika 35, na mtu akitoka hakuruhusiwa kurudi. Kwa sababu hiyo mchezaji alikaa uwanjani dakika 70 zote, akishambulia na kulinda, na wengi hawakuvaa kofia ya ngozi, bali walifuga nywele ndefu ziwe ndiyo kinga ya kichwa.

Kapteni wa Sewanee mwaka ule alikuwa Henry Seibels, na mwalimu wao alikuwa Billy Suter, kijana aliyejifunza mchezo huo Princeton. Lakini mtu aliyeifanya habari hii kuwa habari alikuwa meneja, Luke Lea, mwanafunzi wa miaka 20. Jirani zao wa chuo cha Vanderbilt huko Nashville walikuwa wakicheza nao kila mwaka, na mchezo huo ndio ulioleta fedha nyingi kuliko yote. Mwaka ule vyuo hivi viwili viligombana juu ya kugawana fedha za viingilio, mchezo ukafutwa. Mfuko wa timu ukawa hauna kitu. Kijana mwingine angalikaa akilalamika; Lea alikaa mezani akaandika barua. Alifanya mapatano na vyuo vitano vya mbali, kimoja baada ya kingine, katika siku sita, ili nauli ya safari moja ilipwe na viingilio vya michezo mitano. Basi asili ya safari hii iliyosifiwa sana ni deni na ugomvi wa fedha. Twaona ni vema kulisema hilo, kwa kuwa masimulizi ya ushujaa hupenda kuficha hesabu za mfuko.

Oktoba ilianza vizuri. Waliwashinda Georgia 12 kwa 0 huko Atlanta, na siku mbili baadaye, mji ule ule, Georgia Tech 32 kwa 0. Nyumbani mlimani wakawashinda Tennessee 46 kwa 0, kisha chuo cha Wapresbiteri cha Southwestern 54 kwa 0.

Jumanne tarehe 7 Novemba waliingia katika gari la moshi, vijana ishirini hivi na wasaidizi wao, wakiwa na behewa lao wenyewe la kulala. Walichukua mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya mlimani, maana Suter aliogopa maji ya ugenini yasije yakawaharibu matumbo. Walimu waliokwisha kusafiri na watoto wa shule kwenda kucheza mbali watamsifu kwa busara hiyo. Lakini katika haraka ya kupakia maji, viatu vya mchezo vilisahauliwa nyuma! Ikapelekwa simu upesi, na viatu vikatumwa kwa gari lililofuata. Wakasafiri usiku kucha, na mchana kutwa, hata wakafika Austin, mji mkuu wa Texas, usiku wa Jumatano.

Alhamisi tarehe 9 wakacheza na Chuo Kikuu cha Texas. Mchezo ulikuwa mgumu. Seibels alipasuka kichwani, damu ikamtiririka usoni. Wakambandika plasta, naye akaendelea kucheza. Sewanee wakashinda 12 kwa 0. Usiku ule ule wakaingia tena katika behewa, na Ijumaa wakawa Houston, wakawashinda Texas A. & M. 10 kwa 0. Usiku tena wakasafiri kwenda mashariki, na Jumamosi wakawa New Orleans, karibu na bahari, wakawashinda Tulane 23 kwa 0.

Hebu msomaji atafakari miili ya vijana hawa siku ya Jumamosi jioni. Michezo mitatu katika siku tatu, na kitanda chao kilikuwa kile cha gari la moshi lenye kutikisika. Leo vyuo vya Marekani kwa desturi hucheza mchezo mmoja kwa juma, na madaktari wako kando. Mganga wa vijana hawa usiku ule alikuwa mtu mmoja, Cal Burrows, mtu mweusi wa Sewanee, ambaye kazi yake ilikuwa kukanda miguu na migongo yao, kufunga vifundo vilivyoteguka, na kuwapaka dawa. Wao walipolala, mikono yake ilikuwa kazini. Hatuoni kwamba miguu ile ingaliweza kusimama Jumatatu bila yeye.

Jumapili hawakucheza. Hilo halikuwa jambo la ajabu kwa chuo cha Kanisa, wala halikuwa ajabu kwa nchi ile wakati ule, lakini pumziko lile la siku moja lilikuwa na faida ambayo kila mchungaji anaweza kuitaja bila kuhubiri. Jumatatu tarehe 13 wakawa Baton Rouge, wakawashinda chuo cha jimbo la Louisiana 34 kwa 0. Jumanne tarehe 14 wakawa Memphis, ukingoni mwa mto Mississippi, wakakutana na Chuo Kikuu cha Mississippi. Hapo nguvu zilikuwa zimekwisha kupungua, lakini wakashinda 12 kwa 0.

Hivyo katika siku sita walicheza mara tano, wakashinda mara tano, na katika michezo hiyo yote hakuna aliyevuka mstari wao. Safari nzima ilikuwa maili 2,500 hivi. Walipofika nyumbani wenzao waliwapokea kwa shangwe kubwa, na yasimuliwa ya kuwa wanafunzi walilikokota gari la wageni wao kwa kamba badala ya farasi.

Watu wengi hukomea hapo wanapoisimulia habari hii. Kwa maoni yetu, mchezo wa kutazamwa zaidi ulikuwa bado. Tarehe 20 Novemba waliwashinda Cumberland 71 kwa 0, jambo lisilotaka maelezo. Kisha, siku ya Sikukuu ya Shukrani, tarehe 30 Novemba, wakashuka kwenda Montgomery, Alabama, kukutana na Auburn. Mwalimu wa Auburn alikuwa John Heisman, ambaye jina lake limetiwa katika tuzo anayopewa kila mwaka mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Heisman aliwafundisha vijana wake kucheza upesi upesi, wasiwape adui nafasi ya kupumua wala kujipanga. Sewanee, waliokuwa hawajaruhusu alama hata moja tangu mwanzo, waliona mstari wao ukivukwa mara mbili.

Hapo hesabu ikawa jambo la kusisimua. Auburn walivuka mara mbili, wakapata 10, lakini mateke yao mawili ya kuongeza hayakufaa. Sewanee nao walivuka mara mbili, na teke moja likafaa. Ikawa 11 kwa 10. Alama moja tu! Watu wa Auburn walinung'unika sana juu ya mwamuzi. Heisman akaandika barua ndefu gazetini kumlaumu, na mwamuzi naye akajibu gazetini. Hatutaingia katika shauri lao. Ni zamani, na waliouona mchezo wote wamekufa. Ila mtu akitaka kuzisifu ushindi zote za mwaka ule kwa sauti moja, ajue kwamba ule mmoja ulikuwa na ubishi.

Siku mbili baadaye, tarehe 2 Desemba, wakacheza huko Atlanta na North Carolina, wakashinda 5 kwa 0 kwa teke moja la goli. Ukawa mwisho. Michezo 12, ushindi 12, alama 322 kwa 10, na zile 10 zote zilikuwa za Auburn. Baadaye watu wakawaita Watu wa Chuma.

Je, chuma hicho kilikuwaje baada ya mchezo? Luke Lea alikwenda mbali kuliko wote. Alianzisha gazeti kubwa huko Nashville mwaka 1907, akawa seneta wa Tennessee mwaka 1911, akawa kanali katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Januari mwaka 1919, vita vilipokwisha, alichukua askari wachache akaingia nao Uholanzi, akitaka kumkamata Kaisari wa Ujerumani aliyekimbilia huko! Hakumpata, akakaripiwa na wakubwa wake. Ni yule yule kijana wa barua tano. Lakini pia, mwaka 1931, alihukumiwa kwa mambo ya benki, na mwaka 1934 akaingia gerezani. Miaka mitatu baadaye akasamehewa. Akili iliyojua kuziba tundu la mfuko kwa safari ya hatari haikuacha kupenda hatari.

Ormond Simkins, mpigaji wa mateke na mbebaji mpira mwenye nguvu kuliko wote, alicheza akiwa na chuma kimefungwa kwenye goti lililoumia. Aliendelea kucheza juu ya maumivu hayo mwaka hata mwaka. Baadaye, kwa ajili ya majeraha hayo ya mchezo, alikatwa miguu yote miwili, akafa mwaka 1921 akiwa bado mtu wa makamo. Hakuwa peke yake. Mwaka 1905 vijana kadhaa walikufa katika viwanja vya Marekani, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wajumbe wa vyuo vikubwa Ikulu. Mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, kurusha mpira mbele kukaruhusiwa, na yadi tano zikafanywa kumi ili watu waache kurundikana. Walimu wanaowasifu watoto kwa kucheza wakiwa wameumia, na wawasome Seibels na Simkins pamoja. Plasta ile ya Austin ilimalizika kwa furaha: Seibels aliishi miaka mingi sana, na mwaka 1973, akiwa amekwisha kufa, jina lake liliandikwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Tumependa zaidi habari za William Claiborne, aliyesimama katika mstari wa mbele. Jicho lake moja lilikuwa pofu, naye, kama wanavyosimulia, aliwaonyesha adui jicho hilo na kuwatisha kwa maneno makali kabla ya mchezo kuanza. Mtu huyu alikuja kuwa kasisi, kisha Archdeacon wa Sewanee. Alizunguka katika makazi ya maskini wa milimani, watu wasio na shule wala daktari, akaomba fedha kwa matajiri bila aibu, akasaidia kujenga hospitali na shule, na mwaka 1921 akaanzisha huko Monteagle chuo cha kuwafunza utumishi wa Kanisa watu wazima waliokosa elimu ya awali. Waliomjua walisema aliomba fedha kama alivyocheza mpira, yaani hakutoka uwanjani mpaka apewe.

Kwa chuo, utukufu ule haukukaa. Mwaka 1932 Sewanee walikuwa miongoni mwa waliounda shirika jipya la michezo la vyuo vya kusini mashariki, pamoja na vyuo vilivyokuwa vimekua kuwazidi mara nyingi. Walicheza michezo 37 ya mpira katika shirika hilo, wakashindwa yote 37. Mwaka 1940 wakatoka. Tangu hapo hucheza na vyuo vidogo kama wao, na mchezaji hapewi fedha za masomo kwa sababu ya mpira. Wako waliohesabu jambo hilo kuwa anguko. Sisi twaona kwamba chuo kilichoweza kushindwa mara 37 na bado kupeleka vijana uwanjani kila juma kilikuwa na kitu ambacho mwaka 1899 haukuweza kukionyesha.

Amebaki Cal Burrows. Alisafiri maili zile 2,500, na kazi yake ilikuwa ndani ya kila ushindi. Lakini ilikuwa nchi ambayo mwaka 1896 mahakama yake kuu ilikuwa imekubali kwamba watu weusi watengwe na weupe katika magari ya moshi, na chuo kile cha maaskofu hakikupokea mwanafunzi mweusi, awe wa mpira au wa vitabu. Vyuo vyote 12 walivyocheza navyo vilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1952 baraza la chuo lilikataa tena kuwapokea watu weusi hata katika shule ya theolojia, ndipo mkuu wa shule hiyo na wengi wa walimu wake walipojiuzulu kwa kulipinga shauri hilo. Baraza likageuka mwaka uliofuata, na mwanafunzi wa kwanza mweusi akapokelewa kusoma theolojia mlimani. Ilikuwa mwaka 1953, miaka 54 baada ya safari ile.